Shangazi Anajibu: Noah ya jirani inalala mbele ya geti langu

SWALI

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Bweyogerere, hapa Uganda. Mimi ni muuguzi na mara nyingi nafanya zamu ya usiku. Nyumba yangu ina geti jeusi, iko kwenye kibarabara cha murram kinachoishia bondeni. Jirani yangu wa ng'ambo, Ssalongo, kama tunavyomwita baba wa pacha, amejenga vyumba sita vya kupangisha, ile tunayoiita mizigo, akavifikisha mpaka ukingoni mwa kiwanja. Hakubakiza hata pa kuanika nguo. Sasa gari yake, Toyota Noah, inalala kwangu. Siku nyingine iko kando ya ukuta wangu chini ya mzambarau, siku nyingine pua yake imeingia kabisa mbele ya geti. Mwezi uliopita nilirudi saa mbili asubuhi, miguu imevimba, nikapiga honi dakika ishirini kabla hajatoka.

Niliweka mawe, nikayapaka chokaa. Akayaondoa, akaniambia barabara si ya baba yangu. Wiki mbili zilizopita mwanangu wa miaka 14 alitoa upepo magurudumu mawili ya ile gari bila mimi kujua. Ssalongo amepeleka mashtaka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mkewe, Nnalongo (mama wa pacha), ambaye ndiye alikuwa akinisuka, hanisalimii tena. Je, nina haki ya kuita brekidauni ije iivute hiyo gari? Na kinachoniuma zaidi, taa yangu ya ukutani inaimulikia gari yake usiku kucha, na umeme nalipa mimi.

Mwenye Geti Jeusi

JIBU

Mdogo wangu, pole kwa zamu, na pole kwa zile dakika ishirini. Mtu aliyekesha akihudumia wagonjwa hafai kusimamishwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake mna kesi mbili na wewe umezifunga fundo moja. Tulifungue kwanza.

Kesi ya kwanza ni geti. Hapo haki ni yako, na usimwache mtu akutikise. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1998 hairuhusu mtu kuacha gari mahali linapowazuia wengine kupita, na geti ni njia ya kupita.

Kesi ya pili ni ukuta na mzambarau. Hapo siwezi kukuunga mkono mpaka uniambie mpaka wa kiwanja chako uko wapi. Mitaa ya huko kwenu mingi ilizaliwa kwa mtu kukata shamba vipande vya futi 50 kwa 100, au 50 kwa 50, akaacha ujia mwembamba katikati ili kila mnunuzi apate pa kuingilia. Toa ile ramani ya mpima ardhi uliyopewa ulipolipia. Ukikuta mstari unaishia kwenye ukuta, basi mzambarau uko barabarani, hata kama ni wewe uliyeupanda na kuumwagilia, na mawe yako ya chokaa hayakuwa na haki ya kukaa pale. Ssalongo alikujibu kwa maneno makali, lakini kwa hilo alisema kweli. Ukikuta mstari unapita nje ya mzambarau, mambo yanageuka: yeye ndiye aliyeingia kwako, na shauri hilo baraza la kijiji linaweza kulisikiliza.

Nakwambia haya kwa sababu nimeyakalia. Nilichaguliwa makamu mwenyekiti wa LC1 kijijini kwetu mwaka 2001, na kwa kuwa uchaguzi wa vijiji haukufanyika tena mpaka Julai 2018, watu walipojipanga mstari nyuma ya wagombea wao, nilibaki kwenye benchi lile miaka 17. Miaka ya mwanzo tulisikiliza mbuzi walioingia kwenye mihogo na maji ya mvua yaliyoelekezwa jikoni kwa jirani. Kesi za magari hazikuwapo, kwa sababu magari yenyewe yalikuwa mawili. Kisha mashamba yakawa nyumba, nyumba zikawa mizigo, na kila mpangaji wa tatu akaja na gari la mtumba kutoka Japani. Ujia ulibaki uleule.

Kesi moja ilitusumbua mwaka mzima. Mzee mmoja alikuwa akihama upande wake kila jioni, anakwenda kuegesha kando ya ukuta wa mwalimu. Mwalimu aliona ni dharau. Tulikaa vikao vitatu, watu wakarushiana maneno, hakuna kilichotoka. Usiku mmoja nilikuwa narudi kutoka matangani, nikapita pale kwa miguu, nikaona jambo ambalo mchana halionekani: upande wa mzee ulikuwa giza tupu, na kwa mwalimu kulikuwa na taa. Gari linalolala gizani kwetu huamka halina vioo vya pembeni. Ndiyo maana watu huchonga namba ya gari kwenye kila kioo na kila taa. Nilimuuliza yule mzee mbele ya wote, akakiri kwamba alishaibiwa betri na vioo, na aliona aibu kumwambia mwalimu kwamba anategemea taa yake.

Sasa rudi kwenye sentensi yako ya mwisho, ile ya taa. Nina shaka kubwa kwamba jibu lako liko hapo. Muulize Ssalongo: kwa nini hapa hasa? Akisema ni mwanga, mnaweza kuweka taa upande wake, au mkachangia umeme wa hiyo yako, au nyumba zote za kibarabara mkalipa askari mmoja wa usiku. Hilo linajadilika. Dharau ndiyo isiyojadilika, na mpaka leo mmekuwa mkigombania dharau.

Halafu azima futi ya fundi, mpime ujia pamoja, wewe na yeye, mkishika kila mtu ncha yake. Noah ina upana wa karibu mita 1.7. Kama ujia una mita 5, gari moja likikaa ukingoni zinabaki mita 3.3, na unapita vizuri. Magari mawili yakikaa mkabala, inabaki mita 1.6, na hapo hapiti mtu mwenye gari. Wewe muuguzi unajua ambulensi inahitaji nini, na gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5. Kwa hiyo kubalianeni upande mmoja tu wa kuegesha kwa mtaa mzima. Mbele ya geti lako pasiwe na kitu, pamoja na hatua mbili tatu kila upande, maana gari haliingii getini kama mtu, linahitaji kukata kona. Na yeye aache namba yake ya simu kwenye kioo cha mbele, wewe umpe siku zako za zamu.

Brekidauni usiite. Ikivunja bampa lake, utalipa wewe, na aliyekosewa atakuwa yeye. Siku akiziba tena geti baada ya kukubaliana, waite trafiki wa kituo chenu, kuvuta gari ni kazi yao. Barazani kwa LC1 unaweza kuomba fidia, msamaha au onyo, na usiporidhika unakwenda LC2, baraza la parokia, kisha LC3, la kata ndogo. Ila jua kwamba ukifika LC3 mtoto wako atakuwa amesimulia kisa cha magurudumu mbele ya watu wengi.

Na huyo mtoto ndiye anayenigusa zaidi, kwa sababu makamu mwenyekiti ndiye mwenye dhamana ya watoto kijijini, na nimewaona wengi wa umri wake wakibeba vita vya wazazi. Alikuona umechoka, akafanya alichoweza kufanya. Usimpige. Lakini kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, na leo ni upepo, kesho itakuwa kisu kwenye tairi. Jumapili hii, kabla mwenyekiti hajaitisha kikao, mshike mkono mvuke naye barabara. Aseme mwenyewe alichofanya. Wewe ulipie gharama ya kujaza upepo bila kusubiri kudaiwa, ndipo ulitaje geti, si kabla.

Nnalongo akiwa uani, msalimie wewe kwanza, umuulize pacha wanaendeleaje. Asipoitika mara ya kwanza, salimia tena Jumatatu ukitoka zamu.