Treni za umeme za zamani kule Union, Illinois: nenda, na uende na watoto

Ndugu, umeuliza kama yafaa kuitoa siku nzima ya safari yako ya Chicago ukapande treni za umeme za zamani, ilhali makumbusho ya reli tunayo hapa nchini, kule Nairobi. Yafaa. Mimi ni fundi umeme wa kreni bandarini hapa Mombasa, na nilikwenda Illinois Railway Museum, makumbusho ya reli ya kule Union, nilipomtembelea dada yangu anayeishi upande huo. Nitakueleza nilivyoona kwa jicho la kazi yangu.

Ya Nairobi nayapenda sana. Ukisimama chini ya Mount Gelai, injini nambari 5918, ile injini ya mvuke aina ya Garratt ya tani 250 na ushei iliyokuwa ikivuta mizigo kutoka kwetu pwani kupanda bara, shingo inauma kwa kuitazama. Behewa ambamo simba alimnyakua Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900 lipo pia. Lakini utavitazama vimesimama. Kule Union tiketi ya mlangoni ndiyo hiyo hiyo ya kupandia. Behewa lolote linalotembea siku hiyo unapanda, unashuka, unapanda jingine. Njia yao ina urefu wa kilomita 8 hivi, na ilikuwa ya kampuni ya treni za umeme iliyokufa mwaka 1930. Wenye makumbusho walihamia hapo mwaka 1964, wakatandika reli upya na kutundika waya. Dereva, kondakta, mafundi wa karakana, karibu wote ni watu wanaojitolea.

Sasa safari yenyewe. Umeme ni volti 600 za DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, unatoka kwenye waya wa juu kupitia fimbo ndefu iliyo juu ya paa. Kaa karibu na dereva umtazame mkono wake wa kushoto. Anaisogeza kontrola, kipini cha kuongezea mwendo, pointi moja moja. Mwanzo mota zimeungwa kwa kufuatana na umeme unapitia rezista, vifaa vya kuupunguza, zilizofungwa chini ya sakafu, kwa hiyo behewa linaondoka taratibu. Kila pointi inatoa sehemu ya rezista, mota zinapata nguvu zaidi. Kisha kontrola inazipanga mota sambamba, kila moja ipate umeme wake, na hapo unahisi behewa linakusukuma mgongoni. Kreni za DC nilizojifunzia kazi zilikuwa na mpango huu huu, kwa hiyo hata nikikaa nyuma kabisa niliweza kuzifuata pointi kwa masikio. Moyo wangu ulijaa furaha, nakwambia kweli.

Mwambie mtoto asikilize pia kompresa. Breki ni za upepo. Upepo ukipungua kwenye tangi, kompresa inajiwasha yenyewe chini ya miguu yenu, inadunda kidogo, inanyamaza. Mlio mwingine unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka ni wa gia za mota, meno yake yamechongwa wima. Magari ya siku hizi hayatoi sauti hiyo.

Mwisho wa njia msikimbilie kushuka. Behewa haligeuzwi. Kondakta anavuta kamba, anaishusha fimbo ya upande mmoja na kuipandisha ile ya upande wa pili mpaka ikae sawasawa kwenye waya, dereva naye anahamia kichwa cha pili na vipini vyake. Abiria wanasukuma migongo ya viti igeukie mbele. Viti vingi ni vya henzirani iliyosukwa, na baridi yake inapendeza ukiwa umetoka juani. Watoto wa dada yangu waligombania kugeuza viti vya behewa zima.

Katika mabanda muulizie Electroliner. Ni treni ya mwaka 1941 iliyokuwa ikienda kati ya Chicago na Milwaukee kwa zaidi ya kilomita 130 kwa saa, kisha ikiingia mjini Milwaukee inapita barabarani kati ya magari. Kampuni yake ilifunga njia Januari 1963. Ipo pia GG1 nambari 4927, injini ya umeme yenye umbo zuri kuliko zote nilizowahi kuziona, lakini hiyo haitembei hapo: ilitengenezwa kwa umeme wa AC, ule unaogeuka-geuka upande, wa volti 11,000, na waya wa Union hauna umeme huo.

Nilikuwa nikiwaza kwetu muda wote. Reli ya Uganda ilianzia hapa Mombasa mwaka 1896. Hata kabla ya magari kuenea, mji huu ulikuwa na reli ndogo yenye upana wa futi 2, vigari vinasukumwa na watu kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi kwenye reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja, ilisimama mwaka 2017 reli mpya ya SGR ilipokuja Miritini. Wastaafu wa reli bado wapo Changamwe na Makupa. Wakiwa hai, behewa moja la zamani lirudishwe relini, hata kwa mwendo mfupi tu wa siku za sikukuu, na vijana wafundishwe pembeni yao. Injini ukiifungia uani, ufundi wa kuiendesha unakufa kabla ya chuma. Nikipata watu wa kulisukuma jambo hili nitajiunga nao kesho.

Mambo ya safari: treni za Metra za Chicago hazifiki Union, kwa hiyo mwombe kaka yako awapeleke kwa gari, ni zaidi ya saa moja. Nendeni majira ya joto, mwisho wa wiki, na mtazame ratiba kwanza kwa sababu mabehewa yanayotoka hubadilika. Fikeni asubuhi. Na ukimwona mzee wa karakana amepumzika, msalimie umwulize alichokuwa akitengeneza. Mmoja alinifungulia kontrola nikaona mashaba yake ndani, akanieleza kila moja kazi yake mpaka dada akaja kuniita.