Jibu: Kenya ina msimamo gani kuhusu Sahara Magharibi?

Habari za jioni ndugu. Umekwama kwa sababu kitabu kimoja kinasema Kenya inaitambua Jamhuri ya Wasahara (dola iliyotangazwa na wanaotaka uhuru wa Sahara Magharibi, eneo ambalo Moroko inalidai), kingine kinasema haiitambui. Mimi nafundisha historia hapa Arusha, na swali hili wanafunzi wangu huniletea kila mwaka.

Kwanza angalia tarehe ya kila kitabu. Kenya iliitambua 2005, ikasimamisha utambuzi huo 2006, baadaye ikaurudisha. Septemba 2022 Rais Ruto alitangaza mtandaoni kuiondolea utambuzi, andiko likafutwa, kisha wizara ya mambo ya nje ikaandika barua kwamba msimamo haujabadilika. Mei 2025 ikaunga mkono mpango wa Moroko wa kulipatia eneo hilo mamlaka ya ndani chini ya Moroko. Kwa hiyo vitabu vyote viwili vinaweza kuwa sahihi.

Chukua kauntabuku, chora safu tatu kwa penseli: tarehe, nani kasema, kwa njia gani. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote! Andiko la mtandaoni halina uzito wa barua ya wizara.

Halafu usichanganye serikali na mahakama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa mjini kwetu, Septemba 22, 2022 ilisema Moroko kuendelea kuikalia Sahara hakupatani na haki ya watu kujiamulia mambo yao. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizoshtakiwa kwa kutoitetea Sahara, na hazikukutwa na hatia. Hukumu hiyo iandikie ukurasa wake.

Ukikwama tena, weka hapa sentensi zenyewe pamoja na miaka yake, tuzipitie pamoja.