Ukikabidhiwa ruhusa za mfumo, anza na waliohama kitengo

Siku za mwanzo za kusimamia nani anaruhusiwa kufanya nini kwenye mfumo wa kompyuta wa biashara, utaletewa maombi ya kila namna: nifungulie ripoti ya mauzo, niongezee ruhusa ya kutoa punguzo, mbona siwezi kubadilisha ankara. Yote ni ya kuongezewa. Hakuna atakayekuja kukuomba umpunguzie, kwa hiyo kupunguza ni kazi yako wewe.

Nililijua hilo kwa hasara, nikiwa kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Kijana mmoja wa stoo alihamishiwa manunuzi. Nikampa ruhusa za manunuzi siku hiyohiyo, za stoo sikuzigusa. Tangu hapo aliweza kuandika oda na yeye mwenyewe kuthibitisha kwamba mzigo umeingia. Miezi minne baadaye tukahesabu mali: mifuko 140 ya saruji ipo kwenye mfumo, imeshalipiwa, stoo haipo. Nilipofungua kumbukumbu, oda na mapokezi vilikuwa na jina moja, vimepishana dakika mbili. Lori la saruji halishushwi kwa dakika mbili.

Tulikuwa tunatumia Odoo, programu ya kuendeshea biashara, na humo ruhusa hujumlishana. Mtu akiwa kwenye makundi mawili anapata ya huku na ya kule. Kumwingiza Manunuzi hakumtoi Stoo. Kwa hiyo mtu akihama, mvue kwanza, ndipo umvike upya. Kila aina ya kumbukumbu, kama oda au ankara, ina ruhusa nne: kusoma, kuunda, kubadilisha na kufuta. Hiyo ya mwisho inyime karibu kila mtu. Ankara iliyokosewa inarekebishwa kwa hati ya marekebisho, na kosa linabaki linaonekana.

Usidhani ni tatizo la maduka. Mwaka 1995 benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanzishwa 1762, iliangushwa na hasara ya pauni milioni 827. Nick Leeson, ofisa wake wa Singapore, alikuwa akinunua na kuuza sokoni, na hapohapo akisimamia ofisi iliyorekodi na kukamilisha biashara hizo. Ni oda na mapokezi kwa jina moja, ila pesa ni nyingi zaidi.

Suala la nywila linaniuma zaidi, kwa sababu mara nyingi chanzo chake ni sisi wasimamizi. Ukikuta makeshia watatu wanatumia akaunti moja, kabla hujafoka uliza ilianzaje. Aghalabu utaambiwa keshia mpya aliombewa akaunti, zikapita siku tatu, wateja wamepanga foleni, mwenzake akamwazima ya kwake. Ombi la mtu mpya lishughulikie kabla hajafika kazini.

Kuna na bosi, ambaye atataka afunguliwe kila kitu. Mpe kuona vyote, kwani biashara ni yake. Kuhusu kufuta na kubadilisha, mwambie kwa heshima: "Mzee, siku kitu kikipotea tutawauliza wote wenye ruhusa hii. Nisingependa uwe mmoja wao." Sijaona aliyekasirika.

Anayeacha kazi mzimie akaunti siku hiyohiyo, lakini usiifute, maana oda alizoandika bado zinahitaji jina. Kubaliana na watu wa rasilimali watu wakuarifu kabla hajakabidhi funguo. Wewe nawe uwe na akaunti mbili, ya usimamizi na ya kazi za kawaida, na ile ya kwanza uingie pale tu panapokuwa na jambo la usimamizi.

Kisha kila baada ya miezi mitatu chapa orodha ya nani ana ruhusa gani, umpelekee kila mkuu wa kitengo mkononi, asaini. Kwa barua pepe hawasomi. Mkuu wa mauzo nilipompa ya kwanza alichukua kalamu nyekundu akakata majina matano palepale. Wawili kati yao walikuwa wameshaacha kazi.