Kabla ya kulipia TV ya "Full HD", uliza kioo kina pikseli ngapi

Ndugu zangu wakitaka kununua TV huwa naongozana nao Kariakoo, na swali langu dukani ni lilelile: kioo chenyewe kina pikseli ngapi, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha? Muuzaji atajibu, "Bosi, hii inakubali mpaka 1080." Jibu hilo ni la kweli, ila sicho ulichouliza. TV kupokea picha ya 1080 ni jambo moja, kuionyesha yote ni jambo jingine, na watu wengi wanalipia la pili wakapewa la kwanza.

TV nyingi za inchi 32 zina kioo cha 1366 kwa 768, yaani pikseli milioni moja na kidogo. Full HD halisi ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. 4K ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Kioo kidogo kikiletewa picha kubwa hakikatai. TV inaipunguza hadi itoshe, na wewe unaona picha bila kujua kilichopotea. Hata chapa ya HD Ready, iliyoanza Ulaya mwaka 2005, ilidai tu kioo kiwe na mistari isiyopungua 720, huku TV ikitakiwa iweze kupokea hadi 1080i, yaani picha ya mistari 1080 inayoletwa nusu nusu kwa zamu. Kwa hiyo soma maandishi madogo ubavuni mwa boksi, usiishie kwenye stika kubwa ya mbele. Kama yameandikwa 1366 x 768, mjadala umeisha.

Boksi lisiposema, pima. Mimi huenda na laptop yenye picha niliyotengeneza mwenyewe: mistari myeusi na myeupe iliyosimama, kila mmoja unene wa pikseli moja, picha nzima 1920 kwa 1080. Naiunganisha kwa HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti za kidijitali, naiweka laptop itoe 1920 kwa 1080, kisha naingia kwenye mipangilio ya TV kuzima ule ukuzaji unaokata kingo za picha, maana ukibaki unaharibu kipimo. Kioo cha Full HD kitaonyesha kila mstari peke yake, hata ukisogeza jicho karibu. Kioo kidogo kitachanganya mistari iwe kijivu au mawimbi mapana. Usitegemee laptop ikikuandikia kuwa TV ni 1920 kwa 1080. TV ndiyo inayoiambia hivyo, na inataja inachoweza kupokea. Picha ya kwenye flashi nayo si kipimo cha uhakika, kwa sababu TV nyingine huibadili ukubwa kabla ya kuionyesha.

Baada ya kioo, angalia nyaya. Inaniuma kukuta nyumba ina king'amuzi cha HD na TV nzuri, halafu vimeunganishwa kwa zile nyaya tatu: nyekundu, nyeupe na njano. Waya wa njano haupitishi HD kabisa, hata TV iwe ya mamilioni. Weka HDMI, kisha kwenye mipangilio ya king'amuzi chagua 1080i au 720p. Chaneli ikiendelea kuwa na ukungu wakati nyingine zimetakata, basi inarushwa hivyo hivyo, usilaumu TV.

Kwa 4K, matundu ya HDMI hayalingani. HDMI 1.4 inapitisha 4K kwa fremu 30 tu, yaani picha 30, kwa sekunde. Fremu 60 zinahitaji HDMI 2.0 au mpya zaidi. Kuna TV ambazo tundu moja au mawili tu ndiyo yenye uwezo huo, na mara nyingi lazima ukauwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Ukitumia kiboksi cha filamu za intaneti, hakikisha tundu lina HDCP 2.2, yaani kinga ya kuzuia filamu zisinakiliwe, la sivyo picha itashuka hadi 1080 au kioo kitabaki cheusi.

Simkatazi mtu kununua kioo cha 768. Kwa inchi 32, ukikaa ng'ambo ya sebule, taarifa ya habari na mpira vinaonekana vizuri tu. Anayetaka kusomea maandishi ya kompyuta ndiye atakayeteseka. Ila bei iwe ya HD Ready, na kwenye risiti muuzaji aandike modeli kamili pamoja na idadi ya pikseli, ili ukirudi na malalamiko uwe na cha kumwonyesha.