Wapya wa Bonsai, Acheni Kumwagilia kwa Saa

Wadogo zangu, nimemkuta tena mmoja wenu asubuhi na kopo mkononi, anapita mstari mzima wa bonsai, yaani miti tunayoidumaza vyunguni: mkwaju, mtarakwa, adeniamu (waridi la jangwani), wote kipimo kimoja. Bidii yako naipenda, mdogo wangu, lakini hebu weka hilo kopo chini kwanza.

1. Ratiba ni ya kukagua, si ya kumwagilia. Chomeka kijiti cha mishikaki hadi karibu na kitako cha chungu, kiache dakika 10, kichomoe. Kikitoka kimelowa, achana na mti huo, nenda kwa mwingine. Msiamini udongo wa juu: unaweza kuwa vumbi na chini ni tope.

2. Mtarakwa hausemi mapema. Wangu nilipewa na mzee aliyenifundisha kazi hii, shina limejipinda lenyewe, gome linachunika nyuzi nyuzi. Ikaingia Julai ya Nairobi, wingu kutwa, baridi, chungu hakikauki. Mimi nikaendelea na maji ya kila asubuhi kama nilivyofanya Februari, maana majani yalikuwa kijani, na kwangu kijani ndiyo uzima. Rangi ilipofifia nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Hapo ndipo nilipoumaliza. Nilipoutoa chunguni, mizizi ilikuwa myeusi, laini. Ukiivuta, ganda linabaki vidoleni. Mtarakwa hukaa kijani wiki kadhaa baada ya mizizi kufa, kwa hiyo muda wote ule nilikuwa nanywesha maiti. Mizizi huvuta hewa. Udongo ukijaa maji kila saa, mizizi huoza, na mzizi uliooza haunywi, ndiyo maana mti uliozidishiwa maji hunyauka sawasawa na wenye kiu. Mzee aliutazama, akaniuliza, "Udongo uliugusa?" Sikuwa na jibu. Bado inaniuma.

3. Sinia, yaani chungu bapa cha bonsai chenye kina kifupi, halikauki upesi kama mnavyodhani. Lowesha sponji, ilaze bapa mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe: itatoa maji mengine. Sinia ni ile sponji iliyolala: hubaki na maji. Ndiyo maana nawagombeza mnapojaza udongo wa shamba badala ya changarawe za volkano zilizochekechwa.

4. Ukimwagilia, mwagilia kweli, mpaka maji yatoke matunduni. Yakipita pembeni tu na chungu bado chepesi, udongo umekauka hadi unakataa maji. Kizamishe kwenye beseni mpaka mapovu yaishe.

5. Kila mti na tabia yake. Adeniamu iliyopukutisha majani haitaki maji ya kila siku. Mtini mdogo kwenye upepo wa kaskazi huko Mombasa unaweza kutaka mara mbili kwa siku. Mti uliopogolewa majani hunywa kidogo mpaka uchipue. Kule Japani wanafunzi huambiwa kumwagilia peke yake ni somo la miaka 3, kwa hiyo msione haya kuuliza.

6. Ukisafiri, usimwachie jirani ratiba. Mwachie vijiti, na akague mbele yako kabla hujaondoka.