Kingamwili "za paka" ni zipi?

Swali: Ninafasiri ripoti ya utafiti wa virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka. Nimeandika: "Damu ilichanganywa na kingamwili za paka zilizong'arishwa." Msimamizi wangu ameyapigia mstari maneno manne ya mwisho. Nimekosea wapi?

Jibu: Kosa zito limo katika "za". Kihusishi hiki hubeba uhusiano wa namna nyingi: sumu ya nyoka hutoka kwa nyoka, ilhali sumu ya panya humuua panya, na hakuna anayebabaika kwa kuwa mazoea yametufundisha. Kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu mahususi, bado hazina mazoea hayo. Msomaji wako atadhani zilitoka katika damu ya paka, kumbe katika utafiti wa aina hii nyingi hutengenezwa kwa kutumia panya wa maabara, nazo hunasa protini zilizo juu ya seli za paka, kama vile CD4, protini ya baadhi ya seli za kinga, ambazo hupungua paka anapoambukizwa virusi hivyo, vilivyogunduliwa katika Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 1986. Tena paka aliyeambukizwa hujitengenezea kingamwili dhidi ya virusi, na hizo ndizo zinazostahili kuitwa "kingamwili za paka". Ukizichanganya hizi mbili, umeharibu ripoti nzima.

Ama "kung'arisha", hilo ni tendo la kusugua sufuria kwa jivu hadi ing'ae. Kingamwili haikusuguliwa, imeunganishwa kikemia na rangi, mbinu aliyoianzisha Albert Coons na wenzake wa Harvard katika miaka ya 1940. Rangi iitwayo fluoresini, kwa mfano, ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hutoa mwanga wa kijani, na taa ikizimwa nayo huzimika. Kwa hiyo hata "kingamwili zinazong'aa" hainiridhishi, kwani inazifananisha na kimulimuli, ambaye mwanga ni wake mwenyewe.

Ningeandika: "Damu ya paka ilichanganywa na kingamwili za panya dhidi ya CD4 ya paka, zilizounganishwa na rangi inayong'aa inapomulikwa." Nimesema "CD4 ya paka" badala ya "seli za paka" kwa makusudi, kwa sababu "seli" na "kingamwili" zote huchukua "zi-", na msomaji angeweza kudhani kwamba zilizounganishwa na rangi ni seli. Sentensi ni ndefu, lakini utaiandika mara moja tu. Baada ya hapo "kingamwili zenye rangi" inatosha.