Mwanangu, hiyo dayati ya Jumatatu iache kwanza

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma nikaona hii siwezi kuijibu kwa mistari miwili, ndo maana nimekaa nakuandikia barua. Umeniuliza, "Baba, nitakulaje vizuri kila siku bila kufanya dayati, manake kila nikianza wiki ya pili nimeshaacha na nakula kuliko mwanzo?" Halafu ukamalizia kwamba labda huna nidhamu. Hapo kwenye nidhamu pameniuma, kwa hiyo tuanzie hapo hapo.

Nidhamu unayo. Mtu anayeamka mapema kila siku kwenda kazini na kulipa madeni yake kwa wakati hakosi nidhamu ikifika saa ya kula tu. Kinachokushinda ni njaa, na njaa sio tabia mbaya, ni mwili unajilinda. Miaka ya 1944 na 1945 kule Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu anaitwa Ancel Keys aliwachukua wanaume 36, vijana wazima wenye afya na waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi kama sita. Wakawa wanasikia baridi muda wote, hasira karibu, mawazo yote ni chakula, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi tu yani kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Na waliporuhusiwa kula watakavyo, kuna waliokula mpaka tumbo limejaa kabisa na bado wakasema wana njaa. Sasa hao walichaguliwa kwa uimara wao, wewe unajilaumu nini? Ukijinyima sana mwili unapunguza matumizi, na homoni ya njaa inapanda, ile ya kushiba inashuka, kwa hiyo kula kupita kiasi ile wiki ya pili ni majibu ya mwili, sio udhaifu wako.

Kwa hiyo mimi nakushauri usianze kwa kuondoa, anza kwa kuongeza. Ongeza mboga kwenye kile kile unachokula sasa hivi, ongeza tunda moja, ongeza maharage au dengu au yai pale ambapo sahani ilikua ni wanga mtupu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, ukizigawa ni kama mafungu matano ya gramu 80, na wala huhitaji mizani jikoni. Angalia sahani tu: nusu yake iwe mboga na matunda, robo protini, robo wanga, na wanga huo ukiweza uwe wa nafaka isiyokobolewa manake ile ina nyuzinyuzi zinazokufanya ushibe muda mrefu. Wali huuachi, mkate huuachi. Ila vitapata majirani, na vitapungua vyenyewe bila wewe kuvipigania.

Vinywaji ndo sehemu pekee ambayo nitakuwa mkali kidogo. Kopo moja la soda ya kola la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, hiyo ni karibu vijiko tisa vya chai, na ukishamaliza kunywa tumbo halina habari kama limepokea kitu, utakula chakula chako chote kama kawaida. Shirika hilo hilo linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50 tu. Na juisi hata ya matunda halisi usiihesabu kama tunda, kula tunda lenyewe. Chumvi nayo iwe chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, hiyo utaizoea haraka tu ukipunguza kidogo kidogo.

Halafu kuna hivi vyakula vya viwandani vya kwenye pakiti. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, waliwaweka watu 20 sehemu moja, wiki mbili wanakula vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vya kawaida vya kupika, wakiambiwa kula unavyotaka. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, lakini kwenye vile vya kusindikwa watu walikula kama kalori 500 zaidi kila siku, na walikula haraka zaidi. Sikwambii usiguse biskuti maisha yako yote. Nakwambia usizikalishe mezani unapofanyia kazi, weka matunda pale na biskuti ziwe mbali, manake mkono unachukua kilicho karibu. Na ukila biskuti, kula kwa raha, ukae, usijiadhibu kesho yake kwa kuruka mlo. Kwa mtu kama wewe anayeingia nyumbani njaa imeshamuuma vibaya mno, kuruka mlo ndo mlango wa yote hayo.

Sasa mazoea yanajengwaje. Phillippa Lally wa University College London na wenzake walifuatilia watu 96, kila mmoja akachagua kitu kidogo cha kufanya kila siku baada ya jambo fulani, mfano kula tunda na chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka kikawa kinajifanya chenyewe, lakini mwingine ni 18 na mwingine makadirio yalifika 254! Na walioruka siku moja hawakuharibu kitu, hii naomba uikumbuke sana kwa sababu wewe ukiteleza siku moja unafuta mwezi mzima. Chagua kitu kimoja, kifunge kwenye jambo unalolifanya tayari kila siku, kikishakaa ndo uongeze kingine. Na ulale mwanangu, mtu asiyelala vizuri njaa yake inakuwa kubwa na anatamani vitamu.

Kama unatumia dawa za kisukari au za presha ongea na daktari kabla hujabadilisha mlo, dozi inaweza kuhitaji kuangaliwa. Na kama kuna siku unakula kwa kujificha na unashindwa kujizuia, au unajitapisha, niambie mimi au mama yako, hiyo ina matibabu na hakuna wa kukucheka.

Kwa leo nijibu tu mawili: asubuhi unakunywa nini, na saa ngapi njaa inakukamata zaidi? Nikijua hiyo saa tutachagua pamoja kitu cha kuanza nacho.

Baba yako